Mlio Mmoja, Masikio Mawili

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Stoo ya Mbao.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu tuliobaki hapa nyumbani. Hujambo? Afya yako inaendeleaje? Kifua kimetulia? Unalala vya kutosha au bado unasoma mpaka macho yanakuwa mekundu? Naomba unijibu maswali haya moja moja. Usiniambie tu "niko poa" kama kawaida yako. "Niko poa" yako naijua tangu siku ile ulipovunjika mkono ukasema umeteguka kidogo, ukala kwa mkono wa kushoto wiki nzima.

Sisi hatujambo kwa kiasi chake. Mama yupo, magoti yanamsumbua, na anakula kidogo kuliko ninavyopenda. Shemeji yako ni mzima na anasema deni lako la kumtumia picha bado liko palepale. Watoto wangu, wanao, wote wawili wako shuleni. Yule mkubwa amerefuka mpaka suruali zinamkimbia, na yule mdogo amerithi mdomo wako, anamsahihisha mwalimu darasani. Nimeitwa shuleni mara mbili. Nilipofika nikashindwa kumgombeza, maana nilikuwa nakuona wewe.

Kazi nayo ipo. Watu walisema redio imekufa, lakini kila wiki naletewa maiti zake, na wenyewe wanataka zifufuke kabla ya Jumamosi. Kibanda ni kilekile, meza ni ileile, ila nimeongeza rafu moja juu ya dirisha.

Sweta ya mama ilifika pamoja na barua yako, Alhamisi iliyopita. Sweta imemkaa vizuri. Aliivaa siku nzima ingawa jua lilikuwa kali, na kila aliyepita mlangoni aliambiwa imetoka wapi. Barua alinipa mimi nimsomee. Nikamsomea ukurasa wa kwanza. Nilipofika wa pili, nilisoma kwa macho tu, kisha nikamwambia umemalizia kwa salamu.

Uliandika kwamba tangu mwanzo wa mwezi uliopita umeacha vidonge vyako kabisa. Unasikiliza milio yako asubuhi na jioni, basi, na hujaanguka hata mara moja. Halafu ukaandika maneno haya, nayanakili kama yalivyo: "Dada alikaa miezi minne bila kuanguka, mpaka homa ikamchukua. Yeye ndiye ushahidi wangu. Nitamalizia alichokianza."

Profesa, niliikunja barua nikatoka nje na simu.

Nilikupigia siku ileile, na Ijumaa, na jana. Nikakuambia rudi kwenye vidonge. Ukacheka, ukasema kaka wewe ni mtu wa redio za betri, dunia imeshakupita. Nilipotaka kukueleza kwa nini, mama alikuwa ameshafika na mkono ameunyoosha anataka simu. Na hata asingekuwapo, nisingeweza. Kwenye simu hujawahi kumwacha mtu amalize sentensi, na mimi nikikusikia tu unaniita kaka, ulimi unakuwa mzito. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Nitaipiga picha barua hii, ukurasa kwa ukurasa, nikutumie leo leo. Yenyewe atakuletea mke wa muuza vipuri, anasafiri Alhamisi. Isome mpaka mwisho kabla hujabishana.

Dada yako hakufa kwa homa.

Alikufa kwa kifafa. Alianguka, Jumamosi ile ya katikati ya Machi, saa tano asubuhi, huku nyuma uani. Alikuwa anafua sare yake ya kazini. Alitumia lile karai kubwa la bati, aliliweka juu ya matofali mawili kama anavyofanya siku zote, akainama. Ugonjwa ukamkuta ameinama hivyohivyo. Maji hayakufika hata nusu ya karai. Mama alikuwa barazani anaongea na jirani, labda robo saa, haizidi. Alipokwenda nyuma akamwona, akadhani dada yako Sindano anatafuta kitu chini ya maji. Akamuuliza, "Umeangusha nini?" Hayo ndiyo maneno ambayo mama anayarudia mpaka leo akiwa peke yake, anadhani simsikii.

Mimi nilikuwa kibandani. Niliitwa, nikakimbia, nikakuta mama ameshamtoa yeye mwenyewe, kwa mikono yake, na magoti yale. Ameketi chini kwenye maji, kichwa cha dada yako kipo mapajani mwake, anamfuta uso kwa kanga. Hakuwa analia. Alikuwa anamfuta tu.

Sasa kwa nini tulikuambia homa. Jioni ile tulikaa sebuleni, mimi, mama na baba mkubwa, simu iko mezani katikati yetu. Baba mkubwa akasema, "Huyu wa mbali naye ana ugonjwa huohuo. Mkimwambia hivi, ataanguka huko peke yake, na nani atamshika? Semeni homa. Ukweli ataambiwa akija." Simu niliishika mimi. Nikakuambia ni homa ya mapafu, siku mbili tu. Nilijiambia moyoni kwamba si maji yaliingia mapafuni, basi sijadanganya sana. Ona mtu mzima anavyoweza kujipiga chenga mwenyewe.

Wewe ulilia. Halafu, katikati ya kilio, ukasema, "Afadhali haikuwa kifafa." Nilikuwa na nafasi ya kukusahihisha palepale. Nikasema, "Ndiyo, afadhali." Neno hilo nimetembea nalo tangu Machi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulikwenda mbele zaidi, kifo kilipokuja nacho tukakificha. Hatukukuficha kwa ubaya, tulitaka kukulinda. Lakini ndiyo hivyo, tumekulinda mpaka umetupa dawa.

Kuna jingine, na hili daktari analijua nusu, lote hakuna anayelijua ila mimi. Hata shemeji yako sijamwambia. Inanibidi nianze mbali kidogo, univumilie.

Unakumbuka ulipotutumia zile hedifoni, mwezi wa kumi, na ile milio ndani ya simu, na barua ya kurasa tatu yenye michoro. Sindano aliisoma yote. Mimi nilisoma ukurasa wa kwanza, nikaona mawimbi umeyachora kwa kalamu nyekundu na ya bluu, nikasema haya ni mambo ya Profesa. Dada yako ndiye aliyenieleza kwa ufupi. Kwamba sikio hili linapewa mlio wa aina moja, sikio lile linapewa mlio unaopishana nao kidogo tu, na ule mdundo unaosikika katikati haupo kwenye simu wala kwenye waya, ubongo wenyewe ndio unaoupiga. Akasema, "Yaani kichwa changu ndicho mpiga ngoma? Basi na chenyewe kilipwe." Tulicheka sana siku ile. Ulimjua alivyokuwa, mwembamba kama jina lake la utani na ulimi wenye ncha vilevile.

Alizitumia wiki mbili. Halafu akazichukua kazini, waya ukanaswa na droo ya ile meza ya vifungo kule kiwanda cha nguo, ukakatika shingoni, pale pale unapoingia kwenye plagi. Akaja kibandani kwangu baada ya kazi, amezishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba ndege mgonjwa. Nilimwambia aache kunililia, hiyo ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa.

Na kweli niliimaliza. Plagi ya aina ile sikuwa nayo. Nikafungua boksi la vitu vya zamani, nikapata plagi ya redio ndogo, ile yenye pete moja. Unaijua, uliwahi kuzichezea utotoni. Ile inapitisha sauti ya upande mmoja tu, kwa sababu redio zile zina mdomo mmoja. Nikachukua waya wa sikio la kushoto na waya wa sikio la kulia, nikazisokota pamoja, nikazichomelea kwenye nukta moja. Nikajaribu kwa taarifa ya habari. Msomaji alisikika vizuri masikio yote mawili. Nikampa. Mafundi wa redio tumekulia hivyo. Sauti ikitoka pande zote mbili, kazi imekwisha, mteja aende na amani.

Tangu siku ile dada yako alibadilika, na hapa sikudanganyi, wote tuliona. Akitoka kazini anaoga, anajilaza nusu saa na hedifoni zake, anakula, anakwenda kulala mapema. Kabla ya hapo ulikuwa ukiamka usiku unamkuta anashona viraka vya watu wengine. Novemba ikapita hajaanguka. Desemba ikapita. Mama akaanza kumwacha atoke peke yake mpaka sokoni. Nilimuuliza ile sauti ikoje, akaniambia, "Inakuja na kurudi, kaka. Kama mtu anayefagia uwanja mkubwa taratibu, hana haraka." Nikasema kumbe Profesa wetu si bure.

Januari ndipo alipopewa cherehani ya umeme. Hili ulilisikia, alikupigia mwenyewe akipiga vigelegele. Miaka kumi na moja alikuwa mezani kwenye vifungo kwa sababu hawakuthubutu kumweka mtu wa kifafa kwenye mashine. Alirudi nyumbani ana mafuta ya mashine kidoleni, akagoma kunawa mpaka kila mtu ayaone. Nilifurahi, mdogo wangu. Siku hiyo nilijiona kama na mimi nimechangia, kwa plagi yangu.

Kitu ambacho hatukukijua ni kwamba mashine ile ilimtaka macho makali na mikono myepesi, na vidonge vyake unavijua, vinamtia mtu uzito. Nyinyi wawili mmevimeza tangu utotoni, mnajua jinsi asubuhi inavyokuwa na ukungu. Mimi ugonjwa huu uliniruka, sijui kwa nini mimi, sijawahi kupata jibu. Basi msimamizi akamrudishia kola mbili zilizopinda. Dada yako akaona hatari ya kurudishwa kwenye vifungo. Akaanza kukata vidonge nusu. Kwa mkasi wake wa kitambaa. Nusu anameza mbele ya mama, nusu anaiweka.

Niligundua baada ya mazishi. Mama alinipa mkoba wake wa kazi nikaupekue, yeye hakuweza. Ndani mlikuwa na kopo la vifungo. Nilipolitikisa likatoa sauti ambayo si ya vifungo. Nilipolifungua, zile nusu zilikuwa zimejaa mpaka karibu na mdomo, nyeupe, kila moja imekatwa sawasawa. Hata katika kujiangamiza alikata vizuri. Nisamehe kwa maneno haya, lakini nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto, na kilichoniuma zaidi ni ule unadhifu.

Nikalipeleka kopo kwa daktari wake kliniki, yule mama mwenye miwani ya kamba aliyewatibu nyote wawili. Nilikwenda na hasira. Nilitaka kumwambia kwamba ni ile milio yako ndiyo iliyomponza, nilitaka awepo mtu wa kulaumiwa na wewe ulikuwa mbali, ni rahisi kumlaumu mtu wa mbali. Naomba unisamehe kwa hilo pia.

Daktari alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akachukua karatasi, akachora kichwa, masikio mawili, na mawimbi mawili. Alichora karibu sawa na ulivyochora wewe. Akaniambia upande huu mlio unatetema mara mia mbili kwa sekunde, upande ule mara mia mbili na kumi, na ubongo unaipokea yote miwili na kutengeneza mdundo wa kumi kwa sekunde. Akasema wapo watafiti wanaoupima mdundo huo, hata kwa wagonjwa wa kifafa waliowekewa waya ndani ya kichwa, na wengine wameona mawimbi ya ubongo yakibadilika kidogo, wengine hawakuona kitu, na bado wanabishana. "Lakini hakuna aliyethibitisha kwamba unaweza kukaa mahali pa dawa," akasema. "Mtu akisikia raha, asikilize. Ila ameze dawa."

Halafu akaongeza kitu kidogo tu, kama mtu anayefunga kitabu. "Na lazima kila sikio lipate mlio wake. Masikio yote yakipata mlio mmoja, hakuna mdundo wowote."

Yeye hajui plagi, Profesa. Mimi najua.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nilizitoa hedifoni kwenye mkoba, nikachomeka kwenye simu ya dada yako, nikafungua ile milio. Kushoto, mlio. Kulia, mlio uleule. Mlio mmoja, bapa, haupandi wala haushuki, kama friji ya dukani. Nilisikiliza nusu saa nzima nikitafuta yule mtu anayefagia. Hakuwapo.

Miezi minne dada yako alisifia dawa ambayo hakuwahi kuionja. Kilichomshika asianguke Novemba na Desemba ni vidonge vizima, asubuhi na jioni, na usingizi. Daktari aliniambia kukosa usingizi ni adui mkubwa wa mtu wa kifafa, na wewe ulimpa sababu ya kulala, hilo nakushukuru mpaka kufa. Kuanzia katikati ya Januari alikuwa anaishi kwa nusu. Ugonjwa haukurudi siku ileile. Ulimwacha Januari ikaisha, ukamwacha Februari yote, akaona yuko salama. Machi ukaja.

Kwa hiyo ushahidi wako hauna mdundo ndani yake hata chembe. Ndani yake kuna uongo wangu na plagi yangu.

Nakusikia unavyojibu. Utasema hedifoni zako ni nzima, plagi yako ina pete zote, mdundo unaupata sawasawa. Ni kweli, sibishi. Na pengine unakutuliza kweli, sikuzuii kuusikiliza. Lakini wewe una mwezi mmoja na siku chache bila vidonge. Dada yako alikuwa na miezi miwili ya nusu nusu, na mikono yake ilikuwa ndani ya karai tu. Wewe uliniambia unapanda ngazi kupanga maboksi kwenye rafu za juu kabisa za bohari. Tangu Alhamisi kila nikifumba macho naiona ngazi hiyo. Sijawahi kufika huko, lakini ngazi hiyo naijua mpaka rangi yake.

Tena nikuambie kitu. Baada ya kutoka kwa daktari nilikwenda kuitafuta ile barua yako ya kurasa tatu. Nikaisoma yote, kwa mara ya kwanza, kwa aibu. Mwisho kabisa wa ukurasa wa tatu umemwandikia hivi: "Lakini dada, hii si badala ya dawa. Vidonge usiache hata siku moja." Umepiga mstari chini yake mara mbili. Wewe mwenyewe. Kwa kalamu nyekundu.

Kwa hiyo usithubutu kujilaumu. Ulimtumia kwa mapenzi na ukamwonya kwa mapenzi. Kama kuna wa kujiuliza maswali ni mimi. Huwa najiuliza, kama ningemwambia tu, Sindano, hii plagi ni ya redio, sina uhakika nayo, labda wasiwasi ungemzidi kidogo na matumaini yakapungua, asingeshika mkasi. Sijui. Maji yakimwagika hayazoleki. Ninachojua ni kwamba nilinyamaza miezi mitatu na kimya changu kikakufikia huko uliko, kikakukuta una ugonjwa uleule, kikakuambia dada yako alipona.

Sasa nakuomba, na siombi kama mkubwa wako, maana najua ukiamriwa unafanya kinyume. Naomba kama mtu aliyebakiwa na ndugu mmoja. Kesho usianze kazi moja kwa moja. Nenda kwanza kwenye ile zahanati uliyosema iko palepale kazini kwenu, waambie ukweli wote, umeacha lini na ulikuwa unameza kiasi gani. Usianze tena kwa kukisia mwenyewe, acha daktari akupangie. Ngazi usiipande mpaka yeye aseme. Ukimwonea haya, mwonyeshe barua hii.

Hedifoni za dada yako atakuja nazo mke wa muuza vipuri, nimezifunga kwenye kitambaa. Fungua plagi kwa bisibisi ndogo uone nilivyozisokota zile nyaya. Sikuzitengeneza tena. Nilitaka uone kwa macho yako, kwa sababu wewe bila kuona huamini, na safari hii una haki.

Kuhusu mama. Karai hakulitupa, ila ameligeuza chini juu nyuma ya choo na hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Siku hizi anafua akiwa amesimama, nguo moja moja, chini ya bomba, maji yanapita tu. Inamchukua asubuhi nzima. Shemeji yako alijaribu kumsaidia akaambiwa kila mtu ana kazi yake. Juzi ameniuliza, "Profesa anakula vidonge vyake?" Anauliza hivyo kila wiki, tangu Machi. Nikamwambia ndiyo. Huo ndio uongo wangu wa mwisho nyumba hii, na naomba unisaidie ugeuke kuwa kweli.

Baba mkubwa anakusalimu, anasema tembo hashindwi na mkonga wake nawe usishindwe na maisha ya huko. Hajui kama ninakuandikia haya, nitamwambia mwenyewe. Jirani wa barazani anakusalimu, naye bado hajajisamehe kwa robo saa ile, ukimpigia siku moja utamfanyia wema. Wanao wanakusalimu, yule mdogo anauliza kama ni kweli ubongo unaweza kupiga ngoma. Nimemwambia akuulize wewe. Shemeji yako anakusalimu. Wanawake wa meza ya vifungo nao wanakusalimu, walikuja wote Jumapili iliyopita, wakakaa na mama.

Mungu akulinde kichwa chako na miguu yako, akulaze salama na akuamshe salama, na kila unapokwenda awepo mtu wa kukushika.

Kesho saa moja jioni ya huko nitapiga. Usinieleze kitu, na mabishano yako yaweke akiba. Sogeza tu simu karibu na mdomo, upasue karatasi ya kidonge alichokupa daktari, uweke kinywani, unywe maji, umeze. Miaka ishirini na sita masikio haya ndiyo yanayonilisha. Najua redio inayojifanya imepona, na najua mtu anayekunywa maji matupu. Mama atakuwa kando yangu, atataka kukueleza habari za sweta. Mwache aongee mpaka achoke. Mtoto mmoja amemtoa majini kwa mikono yake mwenyewe, na wewe, mdogo wangu, uko mbali, mikono hiyo haitakufikia.

Kaka yako akupendaye, asiyekuficha tena kitu,

Fundi